Mfereji Uliopinda kwa Mama Penina

Sehemu ya Tisa

Wiki nzima hamkunipa nafasi ya kupumua. Kuna aliyenishika mkono sokoni nikiwa nachagua dagaa, akataka nimwambie palepale kwa nini Ephraim aliruka dirishani. Kuna mama mmoja wa Kitaji aliyeniapia kwamba kijana ni mla rushwa na lazima nimfunge jela. Tulieni. Leo mtajua, na huyo mama wa Kitaji ajiandae kuomba radhi.

Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nitamwekea mambo sawa haraka.

Lukresia ni injinia wa maji, ofisi yake iko Mukendo, mjini Musoma. Amechora mpango wa kuchepusha maji ya mto Nyamusesa kule vilimani Butiama na kuyashusha kwa mfereji hadi Rwabisere, kijiji kikavu cha Bunda alikozaliwa yeye mwenyewe. Ukipanda kilima cha Rwabisere unaliona ziwa linang'aa kwa mbali. Ukishuka, unakuta watu na ng'ombe wanagombania lambo moja la matope.

Siku ya mkutano, kamati ya mradi ilikuja kutoka Musoma na kuketi kwenye darasa la shule ya kijiji. Wanakijiji wakiikubali njia ya mfereji, mpango unapita. Wakiikataa, mradi unahamishiwa wilaya nyingine ambayo imeshaanza kuuvizia.

Ndipo Mzee Burito, mfugaji mwenye sauti kubwa kuliko zizi lake, alipoinuka na kuinyooshea fimbo ramani iliyobandikwa ukutani.

"Mfereji umenyooka kutoka Butiama huko," alisema. "Umefika kwa Penina, mama yake injinia, umepinda! Umemkwepa Penina, umekuja kupita katikati ya zizi langu. Kwa nini?"

Lukresia alimgeukia mpima ardhi wake, Ephraim, ili ajibu. Ephraim akatupa jicho mlangoni, akatoa yowe dogo, na kabla mtu hajamuuliza ameona nini, akaruka dirishani.

Hapo ndipo tuliachana. Tuendelee.

Ephraim aliangukia kwenye matuta ya viazi ya shule. Kiatu kimoja kilibaki darasani, chini ya dirisha, na watu wote wakakitazama.

"Mmeona?" Burito alinguruma. "Mwenyewe kakimbia! Mtu asiye na kosa anatokaga mlangoni!"

Darasa likalipuka. Huyu anapiga dawati, yule anacheka, mwingine anataka mgambo waitwe.

Na pale mlangoni alikuwa amesimama Mama Penina, kiti cha plastiki kichwani. Haaminigi madawati ya shule, kwa hiyo mikutanoni huenda na kiti chake.

"Shikamooni wakubwa," alisema. "Mbona mnaniangalia mimi?"

"Muulize binti yako!" Burito alimjibu.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Edwin, alinyanyua mkono watu wanyamaze. Edwin ni mtu wa Morogoro, mpole, mwenye kitambi cha heshima, na anapenda mambo yaende kwa utaratibu. Siku hiyo utaratibu ulikuwa umepitia dirishani.

"Injinia," alisema taratibu. "Kona hii nilikuuliza tangu Musoma. Inayapeleka maji kwenye tambarare ya Mzee Burito, na pale yatatuama, hayatafika kijijini. Ukaniambia palipopinda pana mwamba. Mwamba uko wapi, mama?"

"Ndivyo alivyoniambia mpima ardhi," Lukresia alijibu.

"Na mpima ardhi yuko wapi?"

Darasa zima likaelekeza kidole dirishani.

Edwin alifunga makabrasha yake. "Tukale kwanza. Tukimaliza kula nataka jibu. Nisipolipata narudi Musoma, na Rwabisere itasubiri mradi mwingine, sijui mwaka gani."

Kicheko kikafa. Judith, kiongozi wa kikundi cha akina mama wa lambo, alimsogelea Lukresia akamshika kiwiko.

"Mwanangu," alisema, "sisi tumechimba mchanga wa korongo mpaka kucha zimekwisha. Usituangushe leo. Kama kuna jambo, liseme."

Lukresia alitaka kulia. Lakini hasira ilikuwa karibu zaidi, akaichukua hiyo, akachukua na kile kiatu, akatoka nje kumtafuta mwenye nacho.

Alimkuta nyuma ya stoo ya shule, amechuchumaa, jani la kiazi limemkaa sikioni.

"Vaa kiatu chako," Lukresia alimwambia. "Halafu niambie nani kakupa hongo."

"Hakuna mtu aliyenipa hongo."

"Mwamba uko wapi?"

"Hakuna mwamba."

"Kwa hiyo?"

Ephraim alivaa kiatu polepole sana, kama mtu anayefunga kamba za viatu viwili wakati anacho kimoja.

"Ni mama," alisema.

"Mama gani?"

"Mama yako."

Hapa wasomaji wapya inabidi waambiwe jambo ambalo wa zamani mnalijua tangu sehemu ya tatu. Lukresia na Ephraim wamekubaliana kuoana. Hajui mtu yeyote isipokuwa shangazi Wegesa, kwa sababu Lukresia aliomba mpango wa maji upite kwanza, watu wasije wakasema bosi anamtafutia mume kazi.

"Nilifika pale kwenu na mashine yangu," Ephraim alieleza. "Nikaisimamisha vizuri, miguu mitatu, nikachungulia kwenye lenzi. Lukresia, ile lenzi inavutaga kitu cha mbali kinakuja karibu. Nikamwona mama amekuja mpaka hapa." Akaweka kiganja mbele ya pua yake. "Anakunywa uji!"

Lukresia alifumba macho. Kuanzia kwao Ephraim hadi kwao Lukresia, mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni. Akikutana naye njiani, anaingia porini. Kumwona anakula au anakunywa ni aibu ambayo kijana anaweza kuhama nayo mkoa.

"Si ungerudi siku nyingine?"

"Nilirudi. Alikuwa anaanika udaga wa mihogo. Nikarudi tena, amekaa mlangoni kwa jiko anaimba. Mama yako hatokagi nyumbani! Nikaona nizunguke."

"Ukazunguka na mfereji?"

"Nilizunguka mimi. Mfereji ukanifuata."

"Ephraim! Umepindisha mfereji wa serikali kwa sababu ya mama yangu!"

"Siyo mama yako tu. Ni mkwe wangu."

"Hujaleta hata ng'ombe mmoja!"

"Ndiyo maana zaidi!" Ephraim alisema kwa uchungu. "Mtu ambaye hajaleta kitu, halafu awe anamchungulia mama wa watu na darubini? Ningeonekana mtu wa namna gani?"

Lukresia alifungua mdomo amtukane. Badala yake kicheko kikamtoka, kikamshinda, ikabidi auegemee ukuta wa stoo. Alimpenda sana mtu huyu wakati ule, na alitamani pia kumpiga na kile kiatu.

"Cheka tu," sauti ikasema pembeni. "Kuna watu wanakuja huku na fimbo."

Alikuwa shangazi Wegesa, mwanamke mfupi mwenye kujua habari zote za ukoo na nyingine za koo za jirani. Alikuwa amesikia kila neno, na hakuficha.

"Shangazi, nitasimama mbele ya kamati niseme ukweli," Lukresia alisema.

"Useme nini? Kwamba huyu anataka kukuoa? Posa inatangazwa kwenye mkutano wa maji? Baba yako mdogo Masatu yumo mle ndani anakula wali. Akisikia habari ya mtoto wake mdomoni mwa kamati ya kutoka mjini, atakataa mpaka meno yatoke upya. Hamtaoana."

"Basi niseme nini?"

"Sema mwamba."

"Watataka kuuona."

"Sema umezama."

Ephraim alikuwa tayari kuliunga mkono wazo hilo, lakini Lukresia akatikisa kichwa. Ukweli ungemkosesha mume. Uongo ungekikosesha kijiji maji. Fikiria ni wewe, msomaji, na wali unakaribia kuisha darasani.

Hakupata muda wa kufikiri. Burito alizunguka kona ya stoo na kundi la watu nyuma yake, Bwana Edwin akiwa katikati na kijiko bado mkononi.

"Hawa hapa!" Burito alipiga kelele. "Wanapanga uongo! Mmemwona na jani sikioni?"

"Mzee Burito," Lukresia alisema. "Hatupangi kitu. Twende kwenye kona, watu wote. Tupime upya mbele ya macho yenu. Mfereji ukinyooka, zizi lako limepona."

Burito hakulitegemea hilo. "Na kwa mama yako?"

"Utapita utakapopita."

Ephraim alimvuta Lukresia shati. "Mama yuko wapi saa hizi?" alinong'ona.

"Ameenda nyumbani kuangalia udaga wake," Wegesa alijibu kwa niaba ya wote. "Na njaa inamuuma. Nafikiri anakoroga uji."

Walitembea kijiji kizima. Burito mbele na fimbo, Edwin nyuma yake akijifuta jasho, kisha Masatu, baba mdogo wa Lukresia, mwanaume mrefu asiyezungumza ovyo, halafu akina mama wa lambo wakiongozwa na Judith. Ephraim alikuwa wa mwisho, na kila walipopita kichaka alikiangalia kwa hamu.

Kwa Mama Penina kuna nyumba ya bati, jiko la udongo pembeni yake, na mwamba mdogo wa kuanikia udaga ambao, kwa bahati mbaya ya Ephraim, ungebebwa na watu wawili. Vigingi vya mfereji vilikuja vimenyooka kutoka kaskazini. Vilipokaribia uani vikakata kulia, vikapita mbali kabisa na nyumba, vikaenda zao kwa Burito.

"Mashine iwekwe hapa hapa inapopinda," Edwin aliagiza. "Na achungulie yuleyule aliyepima mwanzo. Nataka kuona kilichomzuia."

"Nitachungulia mimi," Lukresia aliwahi.

"Hapana, injinia. Yeye."

Ephraim alifunga miguu ya mashine. Alisawazisha, akasawazisha tena kilichokuwa kimeshasawazishwa. Mwishowe hakuwa na la kufanya, akainama, akaweka jicho kwenye lenzi.

Akaruka nyuma akajikwaa kwenye mguu wa mashine.

"Amemwona nani?" Burito aliuliza. "Shetani?"

Edwin alimsukuma pembeni kwa upole, akainama yeye mwenyewe. Alikaa pale kitambo.

"Namwona mama anakunywa uji," alitangaza. "Sioni mwamba."

Watu wakacheka. Mama Penina, aliyekuwa ameketi mlangoni kwa jiko lake, alisikia kicheko, akaona umati, akaona mashine imemwelekea yeye. Aliweka kikombe chini. Akaja.

Ephraim akarudi nyuma.

Mama Penina akaongeza mwendo. Ephraim naye akaongeza, kinyumenyume, akawa nusura amwangushe Masatu.

"We kijana!" mama aliita. "Ndiyo wewe uliyeruka dirishani nilipoingia? Na ndiyo wewe uliyekuwa unajificha nyuma ya mchongoma wangu na vijiti vyako? Nilikufanya nini?"

Ephraim aliinamisha uso hadi kidevu kikagusa kifua.

Mama Penina akasimama.

Alimtazama kijana. Alimtazama binti yake, na binti yake akatazama chini. Akamtazama wifi yake Wegesa, na Wegesa, mwanamke ambaye hajawahi kukosa la kusema, akaanza kuangalia mawingu ambayo hayakuwepo.

Nani angemlaumu mama huyu kama angepiga kelele? Amelea mtoto peke yake tangu mumewe afariki, amemsomesha kwa udaga na mbuzi, na habari ya uchumba wake anaipata mbele ya kamati, kutoka kwa mtu anayekimbia kinyumenyume. Alikuwa na haki ya kukasirika. Mdomo ulimtetemeka kidogo.

Kisha Mama Penina alivuta upande wa khanga yake, akajifunika kichwa na nusu ya uso. Akamgeuzia Ephraim mgongo, polepole, ili kila aliyekuwepo aone.

"Lukresia," alisema, bila kugeuka. "Mwambie huyo kijana apite, afanye kazi yake. Mimi naenda nyuma ya nyumba."

Akaenda.

Fimbo ya Burito ilibaki hewani.

Judith ndiye aliyeanza. Alipiga kigelegele kikali, wa pili akakidaka, wa tatu akaongeza, na ndani ya muda mfupi uwanja wote wa Mama Penina ulikuwa unavuma na kuku wamekimbilia kwa jirani.

"Kuna nini?" Bwana Edwin aliuliza huku na huku. "Nini kimetokea? Nani ameshinda?"

Burito alishusha fimbo. Alikuwa na uso wa mtu aliyeng'ata pilipili akiidhani nyanya.

"Mwenyekiti," alisema, "huyu kijana hana hatia."

"Si ulisema ana kosa?"

"Nilisema. Sikujua ni mkwe. Mama mkwe akijifunika na kukupa mgongo, amekukubali, na watu wote tumeona. Sasa ulitaka kijana apite hapa? Mama amekaa mlangoni? Na midarubini?"

"Kwa hiyo mfereji wa serikali umepinda kwa sababu mpimaji anamwonea haya mama mkwe?"

"Ndiyo."

"Na wameshaoana?"

"Hajatoa hata ng'ombe," Wegesa alichangia, sasa sauti yake imemrudia.

Edwin alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Msimcheke," Burito aliwaambia watu, kwa ukali wa ghafla. "Mimi niliwahi kulala mtaroni na suti yangu ya Krismasi. Naenda mnadani Bunda, namwona mama mkwe anakuja. Nikajitupa. Kumbe mtaroni kuna maji. Yeye akasimama juu yangu kabisa akakutana na mwenzake, wakaanza kusimuliana habari za msiba, za arusi, za mihogo. Nilitoka mle nimevimba. Huyu kijana ana adabu. Wenye adabu siku hizi mnawaona wapi?"

Kundi likaangua kicheko, na Burito mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini Edwin hakucheka. Alimwita Lukresia pembeni, na pembeni ya kijijini maana yake kila mtu anasikia.

"Ulijua?"

"Sababu ya kona nimeijua leo, nyuma ya stoo," Lukresia alijibu. "Uchumba niliujua, na nilipaswa kukwambia siku uliponipa kazi hii. Halafu kona yenyewe sikuja kuiona kwa macho yangu. Aliniambia mwamba, nikaandika mwamba. Angekuwa mpimaji mwingine ningekuja kuugusa."

Edwin alivaa tena miwani yake.

"Umesema vizuri," alisema. "Sasa mpime. Nitasimama hapa hapa, na Mzee Burito asimame na mimi."

Walipima. Lukresia alikaa kwenye mashine, Ephraim akaenda na fimbo ya vipimo, akaingia uani kwa mama mkwe wake kwa mara ya kwanza, kichwa chini, akitembea kama anayekanyaga mayai. Mstari ulinyooka. Mteremko ulikuwa mzuri, wa taratibu, ule unaoyabeba maji bila kuula udongo, na kutoka pale ungeshuka hadi katikati ya kijiji bila kutuama popote.

Tatizo lilikuwa moja. Mstari ulipita katikati ya jiko.

Ephraim alisimamisha fimbo penye mlango wa jiko, akasita. Lukresia alikuja na kigingi na nyundo. Akaingia ndani, akayaona mafiga ya mama yake, majivu bado ya moto, sufuria ya uji juu. Hapo ndipo aliposoma kwa kibatari, hapo ndipo alipokuwa anaota moto asubuhi kabla ya shule. Mahali pa kigingi palikuwa katikati ya mafiga.

Alisogeza sufuria. Akainua nyundo. Mkono ukakataa.

"Injinia?" Edwin aliita kutoka nje. "Kuna mwamba?"

Lukresia alishusha nyundo.

"Gonga, mwanangu!" Ilikuwa sauti ya Mama Penina, kutoka nyuma ya nyumba. "Mbona sisikii nyundo?"

"Mama, ni hapa kwenye mafiga!"

"Najua ni hapo, nimesikia mnavyopima! Tangu nilipoolewa nabeba maji kutoka lamboni kuyaleta jikoni. Leo maji yanakuja yenyewe mpaka jikoni, wewe umesimama umeshika nyundo? Gonga!"

Akina mama wa lambo walipiga makofi. Lukresia aligonga. Machozi yalimtoka, na alikuwa anacheka pia, na kigingi kikaingia vizuri kabisa.

"Lakini jiko jipya," sauti ikaendelea, "atanijengea huyohuyo aliyepindisha mfereji! Na ajenge siku ya jumuiya, mimi nikiwa nimeenda kusali!"

"Amesikia, mama!" Lukresia alijibu, maana Ephraim asingeweza kujibu mwenyewe.

Kura ilipigwa palepale uani. Mikono ilinyanyuka, Burito akanyanyua yote miwili na fimbo juu yake. Bwana Edwin alitangaza kwamba Rwabisere imeikubali njia ya mfereji, na kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuona injinia akiubomolea mradi jiko la mama yake, kwa hiyo habari ya upendeleo ifungwe. Judith alimkumbatia Lukresia akamwinua kutoka ardhini. Mtu akaleta ngoma, sijui alikuwa ameificha wapi.

Katikati ya shangwe, Masatu akakohoa.

Baba mdogo Masatu akikohoa, watu hunyamaza. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi.

"Mimi ndiye baba wa huyu mtoto," alisema. "Sikuambiwa. Lakini shemeji yangu ameshajifunika khanga, na mimi siwezi kumfunua. Kijana, inua kichwa. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Mzee Thadeo, baba," Ephraim alijibu. "Wa Butiama."

"Butiama ni kubwa. Mwitongo?"

"Hapana, ni juu zaidi. Kule mlimani unakoanzia Nyamusesa."

Bwana Edwin aligeuka ghafla. "Thadeo mwenye shamba la banio? Pale tunapoyachepusha maji?"

"Ndiye."

"Ambaye amekubali tujenge kwenye ardhi yake?"

Ephraim akakwaruza sikio. "Alisema tutaona."

"Tutaona?" Lukresia alishtuka. "Wewe uliniambia amekubali!"

"Baba akisemaga tutaona, anakuwaga amekubali."

Kabla hajamaliza, simu ya Edwin ililia. Alikuwa Emanuel, msimamizi wao wa kule juu Butiama. Edwin alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo kitambi chake kilivyoshuka. Akabonyeza spika ili watu wasikie.

"Mzee Thadeo amevinyofoa vyote, mwenyekiti," Emanuel alikuwa anasema, anahema. "Vigingi vyote vya banio! Ameviwasha, anachomea mahindi. Anasema hakuna tone litakalotoka hapa. Mtoto wake amekuja kupima shamba la baba yake kama anapima la jirani, hakuketi, hakuomba. Anasema ataongea na mtu mmoja tu, huyo injinia aliyechora. Ana kwa ana, uso kwa uso. Akija mtu mwingine, anaachia ng'ombe wakanyage."

"Mwambie injinia atakuja kesho asubuhi," Edwin alisema kwa furaha. "Injinia wetu anaweza kuongea na mtu yeyote."

Ngoma ilikuwa imenyamaza. Edwin alitazama huku na huku, asielewe kwa nini kila mwanamke pale uani ameshika mdomo wake.

"Hawezi," Masatu alisema.

"Kwa nini asiweze?"

"Amepigiwa vigelegele, mwenyekiti, umesikia mwenyewe. Tangu saa hii yule mzee ni baba mkwe wake. Hamtazami usoni. Haongei naye, hata kumwamkia. Akimuona njiani, na yeye anaingia porini."

"Lakini bila banio hakuna mfereji!"

"Ndiyo hivyo."

Kwenye spika kukasikika kukurukakara, Emanuel akilalamika, halafu sauti nzito ya mzee, karibu kabisa.

"Haloo! Huyo injinia yuko hapo? Nipeni nimsikie!"

Edwin, mtu wa Morogoro, alimnyooshea Lukresia simu. Lukresia aliwatazama akina mama wa lambo waliokuwa wamemwinua muda mfupi uliopita. Akamtazama Ephraim. Akaipokea simu, akavuta pumzi, akafungua mdomo amwamkie, na kiganja cha shangazi Wegesa kikamziba.